Stesheni Isiyochelewa

Barua ya makumbusho ya reli ilifika asubuhi, ina muhuri wa bluu na maneno ya heshima mpaka yamepitiliza. Mzee Dakika aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akaikunja na kuisukumia chini ya mto wa kiti, mahali ambapo mkewe angeiona bila kuitafuta. Na kweli, chai haijachemka, mkewe alikwisha kuiona.

"Mgeni wa heshima!" mkewe alisema, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua. "Wewe? Kwa lipi?"

"Kwa saa," alijibu Dakika.

Usidhani alikuwa anajigamba. Maskini wa watu alikuwa anakiri kosa, ila mkewe hakulijua kosa lenyewe, na yeye hakuwa na haraka ya kumjulisha. Haraka hiyo alikuwa ameikosa kwa miaka thelathini na nne.

Dakika si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na watu wa reli, na walimpa kwa haki. Aliingia kazini akiwa mbeba mizigo, akapanda taratibu mpaka akawa karani wa daftari la treni na mtunza saa wa stesheni ile ya mwisho, pale ambapo reli ilifika, ikagonga magogo mawili, ikakata tamaa ya kuendelea. Mtu akimuuliza saa, hakujibu "kwenye saa tisa hivi" kama wenye akili zao. Alijibu "saa tisa na dakika saba." Nyumbani vilevile. Siku moja alimwambia mkewe kwamba chungu kimekaa motoni dakika arobaini na mbili, mkewe akamkabidhi mwiko, akamwambia, "Kama unazijua dakika zote hizo, njoo upike." Tangu siku hiyo saa yake iliishia mlango wa jikoni.

Saa aliyoitunza ilikuwa kubwa kama sinia la harusi, imening'inia juu ya jukwaa kwa mkono wa chuma, ina uso huku na uso kule, na ubavuni kidirisha cha bati cha kuingiza ufunguo. Kila saa moja asubuhi Dakika aliegemeza ngazi, akapanda, akaijaza ufunguo, akaipangusa vumbi. Mji mzima uliishi kwa saa hiyo. Wenye maduka walifungua kwayo, mwalimu mkuu aligonga kengele kwayo, kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimaliza ugomvi wote wa wateja wake kwa kunyoosha kidole kwenye saa ya stesheni. Ikisema imesema.

Sasa sikiliza ilivyoharibika, na haikuharibika kwa kutu.

Makao makuu ya reli yalikuwa na ngao ya shaba. Kila mwaka ngao hiyo ilikwenda kwa stesheni ambayo treni zake hazichelewi. Stesheni masta wetu, bwana mfupi mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inaweza kukukata, aliipenda ngao hiyo kuliko baadhi ya watoto wake. Treni kwa upande wake haikuwa na habari na ngao. Ilikuwa na ng'ombe waliolala relini, ilikuwa na mvua, ilikuwa na kilima kimoja ambacho ilikipanda kwa kuugulia. Mwaka mmoja zikabaki siku mbili tu kufunga hesabu, stesheni ikiwa inaongoza, na treni ya asubuhi ikawa haijaonekana.

Stesheni masta alisimama chini ya saa, mikono nyuma.

"Dakika," alisema, "naona hii saa siku hizi inakimbia."

"Haikimbii, bwana mkubwa. Nimeirekebisha leo asubuhi."

"Nimesema inakimbia."

Dakika alimtazama. Bwana mkubwa alitazama reli. Honi ikalia kwenye kona ya kilima. Basi Dakika akaleta ngazi, akapanda, akafungua kidirisha, akaurudisha mshale nyuma dakika kumi, na treni ikaingia stesheni kwa wakati wake bila wasiwasi wowote. Hakuna aliyesema neno "uongo". Ndiyo uzuri wa kufanya kazi na wakubwa: maneno mabaya hawayatamki, wanakuachia wewe uyatende.

Ngao ilikuja. Mwaka uliofuata ikaja tena, maana mtu akishaonja, kuacha ni shida. Ikawa ndiyo kazi. Honi inalia konani, Dakika yuko ngazini. Treni ikipumua jukwaani, yeye anashuka, anapangusa mikono, anaandika kwenye daftari: imefika kwa wakati. Halafu saa saba mchana, jua likiwa kali na watu wamejificha ndani, anapanda tena kimyakimya na kuzirudisha zile dakika alizozichukua, ili treni ya kuondoka jioni isiharibikiwe. Watu wa mji ule walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba mapumziko yao ya mchana ni mafupi, wakawalaumu waajiri wao. Wamesamehewa, hawakujua.

Na ili asije akasahau amechukua ngapi, aliandika kwa penseli ndani ya kile kidirisha cha bati: tarehe, na idadi ya dakika. Hakuhesabu mojamoja. Alihesabu tanotano, kama zilivyopangwa kwenye uso wa saa. Mwizi mwenye utaratibu!

Utauliza, na madereva je? Kila dereva alikuwa na saa yake ya mfukoni aliyopewa na kazi, na kitabu chake cha safari cha kuandika muda wa kufika. Lakini desturi yao ilikuwa hii: magurudumu yakisimama, dereva anatoa kichwa dirishani, anatazama saa ya stesheni, anaandika kile anachokiona. Nani abishane na saa kubwa kuliko kichwa chake?

Mmoja tu alikuwa mkaidi. Huyo alitoa saa yake mfukoni, akaandika ya kwake. Alikuwa kaka wa mke wa Dakika, yaani shemeji yake, na aliipenda kazi yake hata watu walimwita Dereva tu, mama yake mzazi akiwemo. Kwa kuwa madaftari ya stesheni yalikwenda ofisi moja na vitabu vya madereva vilikwenda nyingine, na ofisi hizo mbili hazikuwa zinasalimiana, ukaidi wake haukumdhuru mtu.

Mpaka siku ya mti. Mvua ilikuwa imeangusha mti mkubwa relini, Dereva na msaidizi wake wakaukata kwa mapanga, treni ikachelewa vibaya sana. Dakika aliposikia honi, alipanda ngazi na kuurudisha mshale dakika ishirini na tano kwa mpigo, ambazo hata yeye zilimtia kizunguzungu. Kwenye daftari aliandika: saa nne na robo. Dereva kwenye kitabu chake aliandika: saa tano kasoro dakika kumi na tisa.

Ndani ya treni hiyo alikuwemo mwalimu mmoja wa kike, anakwenda kufanyiwa usaili wa kazi saa nne na nusu. Alishuka, akatazama saa ya stesheni, akaona ana nafasi ya hata kupaka viatu rangi. Ofisi aliyokuwa anakwenda ilikuwa na saa yake yenyewe. Akakuta mlango umefungwa. Mama yule hakuwa wa kunyamaza. Aliandika barua kurasa nne, na kwa mara ya kwanza tangu reli ijengwe, makao makuu yakaweka daftari la stesheni na kitabu cha dereva juu ya meza moja.

Kamati ya watu watatu ikaja, ikaketi kwenye chumba cha kungojea treni. Stesheni masta aliapa. Kisha akaitwa Dakika.

"Saa ya stesheni ilikuwa sawa siku hiyo?"

"Saa ya stesheni haikosei," alisema Dakika.

Aliyasema maneno hayo, akainua macho, akamwona shemeji yake ameketi upande wa pili, kofia ya kazi magotini, anamtazama tu. Moyo ulimuuma, asikudanganye mtu. Ikamjia huruma, na huruma ya mwoga ni balaa tupu. Akaona bora lawama iangukie chuma kuliko mtu. Akaongeza, "Pengine saa yake ndiyo mbovu."

Alidhani amemwokoa. Kamati iliandika kwamba dereva anayetembea na saa mbovu bila kuipeleka kwa fundi ni hatari kwa abiria. Saa ikachukuliwa, kitabu kikachukuliwa, injini ikachukuliwa. Akapelekwa karakana kupaka grisi na kufagia, akafagia mpaka alipostaafu. Na jina la Dereva likamtoka. Wenzake walianza kumwita Saa Mbovu, watoto wa mtaani wakaiga, wajomba na mashangazi wakaiga, mwisho hata watoto wa Dakika mwenyewe wakawa wanasema "mjomba Saa Mbovu amekuja" kama jambo la kawaida. Dakika hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Alimwita shemeji, na hilo alilihesabu kuwa wema.

Shemeji hakugombana na mtu. Kila Jumapili alikuja kwa dada yake, akanywa vikombe viwili vya chai, akaongea habari za mvua na magoti. Hakuvaa saa tena maishani. Akisimama kuaga, alimgeukia Dakika na kuuliza kwa upole, "Ni saa ngapi sasa, shemeji?" Dakika alimjibu, saa na dakika zake. Akimaliza kumsindikiza alikuwa hana hamu ya chakula, na mkewe akidhani ni chai.

Basi, njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Wahenga hawakuwahi kupanda treni.

Miaka ikapita, reli ikafa, ngao ya shaba ikaota vumbi, stesheni masta akafa na heshima zake zote. Stesheni ikapakwa rangi ikawa makumbusho. Akaletwa binti msomi kuwa mhifadhi, mchapakazi, mwenye kalamu tatu nyweleni na huruma kwa kila kipande cha chuma. Huyo ndiye aliyeandika ile barua. Siku moja kabla ya ufunguzi alimwita Dakika aje aone chumba kipya kabla ya watu.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu kwenye chumba chako."

"Marahaba, mwanangu. Chumba changu kivipi?"

Juu ya mlango palikuwa na maandishi makubwa: STESHENI ISIYOCHELEWA. Dakika alishika fremu ya mlango. Ndani ukutani daftari zake zote zilikuwa zimepigwa picha na kukuzwa, miaka kumi na moja, treni haijachelewa hata mara moja. Pembeni mhifadhi alikuwa amechora mistari ya kulinganisha na stesheni ya jirani. Kulingana na mistari hiyo, treni zilikuwa zikitoka stesheni ya jirani zimechelewa, kisha zikikipanda kile kilima kwa kasi ambayo hata treni za leo hazina.

"Wataalamu bado wanaitafuta siri ya kasi hii," alisema mhifadhi, macho yanang'aa. "Kuna mwanafunzi amepata shahada kwa kuichunguza."

"Amefaulu?"

"Vizuri sana!"

"Alhamdu... hongera zake," alisema Dakika.

Saa yenyewe ilikuwa imeshushwa chini, imewekwa kwenye kigoda, inatembea. Kidirisha cha bati kimeachwa wazi kidogo, na yale maandishi yake ya penseli, safu kwa safu, yamefunikwa kioo. Chini yake: HESABU ZA MATENGENEZO. MFANO WA BIDII YA MTUNZA SAA. Dakika alitaka kucheka, kicheko kikakataa, maana jicho lake lilikwisha kutua kwenye kabati la kioo la kona. Ndani mlikuwa na kitabu cha safari, kimefunguliwa ukurasa wa siku ya mti. Kando yake saa ya mfukoni.

"Hii ndiyo ninayojivunia zaidi," alisema mhifadhi. "Kwenye faili imeandikwa kwamba saa hii ni mbovu. Mimi sikuridhika. Nikaipeleka kwa fundi. Ameikalia mwezi mzima. Unajua amesema nini? Nzima! Kwa mwezi mzima haikupoteza hata dakika moja. Kwa hiyo tumebadilisha maelezo."

Dakika akainama kusoma. SAA HII ILIDHANIWA KUWA MBOVU. UCHUNGUZI UMEONYESHA KUWA NI NZIMA. KOSA LILIKUWA LA DEREVA, AMBAYE HAKUJUA KUSOMA SAA.

Miaka yote ile alijiliwaza kwa jambo moja dogo: kwamba alimtupia lawama saa, si mtu. Sasa saa imepona, na ugonjwa umemrudia mtu.

"Mwanangu," alisema, "hiki kibao hakiwezi kukaa hapa kesho."

"Kina kosa?"

"Kina kosa la ukweli."

Mhifadhi alicheka kwa heshima, akamshika kiwiko. "Lakini ukweli tumeutoa kwenye daftari lako, mzee."

Dakika alirudi nyumbani amenuna. Akamkuta shemeji kibarazani na kikombe cha kwanza mkononi, maana mkewe alikuwa amealika ukoo wote kwa ajili ya kesho, na kaka yake alikuwa wa kwanza kualikwa.

"Wamekiweka kitabu changu?" shemeji aliuliza.

"Wamekiweka."

"Wameandikaje?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Watu watatu kibarazani, mmoja mkewe, mmoja shemejiye, chai ipo, upepo upo. Dakika alifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza akakohoa, mara ya pili akaomba sukari, mara ya tatu akasema, "Utaona kesho." Mkewe akamwambia sukari iko mbele yake.

Usiku Dakika alikosa usingizi, akajipa mpango. Kosa lilifanyika mbele za watu, alijiambia, litarekebishwa mbele za watu. Atapewa kipaza sauti, atasema yote, kibao kitaondolewa na shemeji atashikwa mkono na mji mzima. Ulikuwa mpango mzuri, wa mtu anayeona kipaza sauti ni rahisi kuliko kumtazama mtu mmoja machoni.

Kesho yake turubai zilifungwa jukwaani, viti mia mbili vikapangwa. Ratiba ilisema saa nne kamili. Saa nne kamili mgeni rasmi hakuwepo. Saa tano kasoro robo hakuwepo. Watu wakaanza kujipepea kwa ratiba. Mhifadhi alikuja akainama sikioni kwa Dakika, anatabasamu jasho likimtoka.

"Mzee, si uirudishe ile saa yako nyuma kidogo?"

Alikuwa anatania tu, binti wa watu. Dakika aliruka kwenye kiti kama aliyekanyaga moto.

Mgeni rasmi alifika saa tano na dakika kumi, akalaumu foleni, kisha akahutubia nusu saa nzima juu ya kuthamini muda. Wakati huo watu walikuwa wakipita kuona chumba. Dakika alimwona shemeji akisimama mbele ya kabati la kona. Alisoma polepole, mkono mmoja mgongoni. Alisoma mpaka mwisho, akarudia. Kisha akarudi kwenye kiti chake, karibu na dada yake, uso wake hauna kitu.

Dakika akaitwa mbele. Makofi. Akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Ndugu zangu," alianza, "stesheni hii ilichelewa. Ilichelewa karibu kila siku."

Kicheko.

"Sitanii. Treni ikichelewa, mimi nilipanda ngazi nikarudisha saa nyuma."

Kicheko kikubwa zaidi. Mgeni rasmi alijipiga paja. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mzee njoo ofisini kwetu!" Kinyozi, naye kwa sasa mzee, alicheka mpaka akafuta machozi. Mgeni rasmi aliinuka akachukua kipaza sauti, akasema mnaona watu wa zamani, walikuwa na bidii na bado wakawa na unyenyekevu na ucheshi, vijana igeni. Makofi tena.

Dakika alipata hasira. Hasira yenyewe ilikuwa ya kujichukia, lakini ilimfaa. Aliingia chumbani, mbiombio kwa umri wake, akakiondoa kile kioo, akafungua kidirisha cha bati, akaanza kusoma penseli zake kwa sauti, tarehe kwa tarehe. Kumi. Kumi na tano. Tano. Alipofika siku ya mti akasema, "Ishirini na tano! Haya, kakitazameni kitabu cha dereva cha siku hiyo. Kakitazameni! Anajua kusoma saa kuliko sisi wote!"

Kicheko kilikatika. Mhifadhi alitazama kidirisha, akatazama mistari yake ukutani, akatazama kitabu. Kalamu moja ikamdondoka nyweleni. Mke wa Dakika alisimama mlangoni, mkono mdomoni, na macho aliyomtolea mumewe, heri angetolewa kisu.

"Kaka yangu yuko wapi?" mkewe aliuliza.

Kiti kilikuwa kitupu.

Nikudokezee mapema yaliyofuata kwenye makumbusho, ili yasije yakatuharibia mwisho. Kibao kilibadilishwa. Siku hizi kinasema: INASIMULIWA NA BAADHI YA WENYEJI KWAMBA MUDA WA DEREVA HUENDA ULIKUWA SAHIHI. Saa ya mfukoni haikurudishwa, imekuwa mali ya umma. Watu wamezidi kumiminika, wanataka kuiona saa iliyodanganya mji, na kila Jumamosi wanamwomba Dakika apande ngazi waone alivyofanya. Ngao nayo haijaondolewa. Wamesema ni shaba nzuri.

Lakini siku ile ile, watu wakiwa bado wananong'ona jukwaani, Dakika aliondoka kwa miguu. Alipita nyuma ya karakana, akapita mitaa miwili, mpaka nyumba ya shemeji. Alimkuta ameinama mlangoni kwake, kopo la grisi kando, anapaka bawaba za mlango ambazo hazikuwa na kelele yoyote.

"Umeondoka mapema," alisema Dakika, anahema.

"Sikuondoka mapema. Nimesikia yote, mpaka penseli."

"Basi umesikia. Nimesema ukweli, shemeji. Mbele ya watu wote."

"Nimesikia umewaambia." Shemeji hakugeuka. "Umewaambia watu mia mbili. Umemwambia mgeni rasmi, ambaye hata hanijui. Mimi utaniambia lini?"

"Lakini ulikuwepo!"

"Hata siku ya kamati nilikuwepo."

Dakika alikaa kwenye ngazi ya mlango bila kukaribishwa.

"Kwani ulikuwa unajua?"

Shemeji sasa aligeuka. "Nilikuwa nakuona. Treni inaingia, mimi niko juu ya injini, kichwa nje, nakuona unashuka ngazi unapangusa mikono. Ulidhani dereva anaangalia nini, kama si mbele?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini, na nyinyi ndio wenye saa? Halafu nyumbani kwako yumo dada yangu. Nikasema, mwache, atasema mwenyewe. Nikawa nakuja kila Jumapili kukusaidia. Nakuuliza, ni saa ngapi sasa, shemeji? Miaka thelathini na nne nakuuliza swali moja, na wewe kila mara unanijibu saa!"

Sauti yake ilipasuka hapo mwishoni, na Dakika hakuwahi kuisikia ikipasuka. Aibu ilimjaa mpaka masikio yakawa moto. Alilia, mzee mzima, bila kujificha, kamasi na yote, na shemeji hakumwambia nyamaza. Alimngoja. Kungoja alikuwa amezoea.

Mwisho Dakika alipangusa uso kwa mkono wa shati, akamtazama machoni.

"Dereva," alisema. Jina hilo lilikuwa halijasikika mtaa ule kwa miaka mingi, na mwenye jina aliliweka chini kopo la grisi. "Siku ile ya mti, mimi ndiye niliyesema uongo. Saa yako ilikuwa nzima, na wewe ulikuwa mzima. Ulifika saa tano kasoro dakika ishirini."

Dereva alifuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Kasoro kumi na tisa," alisema.